Msusi Aliyeziba Mdomo

Tangu mimba ilipoanza kuonekana, msusi alifanya kazi amevaa barakoa. Wateja walidhani anakwepa harufu ya dawa za nywele, naye akawaacha wadhani hivyo. Kumbe fizi zake zilikuwa zimevimba, zinavuja damu kila akipiga mswaki, na mdomo ulikuwa na harufu iliyomkera hata yeye mwenyewe. Kliniki mkunga alipomuuliza kama ana shida nyingine, alijibu, "Sina, dada," midomo ameibana.

Siku moja kamba ya barakoa ikakatika. Bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa akisukwa alivumilia mistari miwili, kisha akasema taratibu, "Samahani, naomba nimaliziwe na mwenzako."

Saluni nzima ikageuka kutazama. Msusi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wifi yake, mwenye saluni, akamvuta hadi chumba cha nyuma. "Nilishahisi zamani, nikaona haya kukuambia. Wajinga sote wawili. Vua aproni, twende."

Daktari wa meno alikuwa kijana, rika la kitindamimba wa kwao. Msusi alifumba macho ndipo akaweza kufumbua mdomo.

"Mimba huzichokoza fizi," kijana alisema, akikwangua ugaga uliogandamana kwenye meno. "Ungekuja mapema, mama. Matibabu haya hayamdhuru mtoto, na ugonjwa wa fizi unahusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati."

Fizi zilianza kupoa, lakini uchungu haukusubiri. Mtoto alizaliwa njiti, mwepesi kama taulo lililokunjwa.

"Ni mimi niliyemfanya hivi?" alimuuliza daktari wa watoto.

"Sababu ni nyingi. Huenda fizi zilichangia, huenda hazikuchangia kabisa. Hakuna anayeweza kukuhakikishia."

Heri angemgombeza.

"Mbona hukuniambia?" mumewe aliuliza.

"Nilikuonea haya."

"Mimi? Ninayekoroma kama trekta?"

Hakuweza kucheka.

Muuguzi alipomlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, msusi aligeuzia uso ukutani, asije akampumulia.

"Mama, unamkimbia mwanao?"

"Mdomo wangu, sista..."

"Si umeshatibiwa? Ongea naye. Sauti yako ndiyo anayoijua."

Machozi yalimtoka kwanza. Kisha akageuka, kiganja bado kimefunika midomo, akaanza kumnong'oneza mwanawe umbea wa saluni. Mtoto akatulia. Baada ya muda mkono ulichoka, akaushusha.