Ubao Usio na Nukta

Maalim Farouk alichovya kalamu ya tete katika wino wa masizi, akaikung'uta mara mbili kwenye ukingo wa kikombe kama alivyofanya kwa miaka thelathini na mmoja, akaanza kuandika. Kwanza tumbo la herufi, lile duara lililolala. Kisha jino dogo. Hapo akanyanyua mkono.

"Tayari," akasema. Neno lilitoka limelowa, likiburuta mguu.

Bintiye Sumaiya aliinama kutazama. Herufi ya Kiarabu dhwadi ina tumbo, ina jino, kisha bakuli kubwa linaloshuka upande wa kushoto, na nukta moja juu. Nusu ya watoto wa Matungu walifundishwa hivyo na baba yake. Kwenye ubao kulikuwa na tumbo na jino. Baada ya hapo, mbao tupu.

"Baba, bakuli liko wapi?"

"Si hilo hapo."

"Nionyeshe."

Akaweka kidole kwenye jino, akakisogeza kidogo, akakwama. Alikuwa na hakika bakuli lipo. Mkono wake ulikumbuka kulichora.

Kiharusi kilimpiga wiki sita zilizopita, mvua za mwaka ule wa tisini na saba zilipoanza kupita kiasi. Mkono wa kulia kiliuacha mzima. Kilichukua upande wa kushoto, na si wa mwili peke yake. Maalim alikuwa akila nusu ya obusuma, ule ugali wa nyumbani, na kuuliza mbona leo chakula ni kidogo. Sumaiya akigeuza sahani, baba yake alikuta nusu nyingine inamngoja, akaona haya kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

Haya ya sahani angeivumilia. Iliyomkosesha usingizi ni Jumamosi. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti alikuwa amekuja kumjulia hali na kilo mbili za sukari na maneno laini. "Maalim, wewe Mungu amekwisha kukusamehe. Lakini watoto wanashika wanachokisikia." Kwa hiyo Jumamosi Maalim atasoma Fatiha mbele ya kamati. Dhwadi ya aya ya mwisho ikisimama, darasa la madrasa ni lake. Isiposimama, kuna kijana kutoka Kakamega mjini atakayelichukua. Leo ilikuwa Alhamisi, alasiri imekwisha kuswaliwa. Bila darasa, Farouk angekuwa mzee mmoja tu wa kugeuziwa sahani.

Sumaiya aligonga ukingo wa kushoto wa ubao kwa ukucha. "Fuata sauti, Baba. Njoo huku. Bado. Njoo."

Kalamu ikaondoka kwenye jino, ikaenda gizani alikokuwa haoni kitu, ikifuata ule mlio wa ukucha. Bakuli likatokea, limebonyea kama sufuria iliyokanyagwa na trekta la miwa, lakini likatokea.

"Sasa nukta."

"Nukta bado," akasema Maalim.

Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe. Mwanafunzi huandika mwili wa dhwadi peke yake. Nukta anaiweka Maalim kwa mkono wake, siku mdomo utakapoipata herufi. Nukta ikiwekwa, mwenye ubao huuosha, akaendelea na somo lingine. Hakuna anayeosha ubao wa mwenziwe.

Maalim akashika kioo kidogo, kama sista wa hospitali ya Mukumu alivyomwelekeza, akasogeza ubavu wa ulimi kwenye magego ya juu, kushoto, alijaribu neno la mwisho la Fatiha, waladh-dhwalin.

"Walal-lalin."

Akarudia. Walal-lalin. Pumzi ilivuja kupitia shavu lililolegea, badala ya dhwadi ikatoka lamu nyepesi ya mtoto anayeota meno. Mara kumi, mara ishirini. Mate yalimchuruzika hadi kwenye kanzu. Kwenye kioo aliona uso uliokuwa ukijitahidi upande mmoja huku upande wa pili ukitazama tu, kama jirani asiyehusika.

Akakigeuza kioo kifudifudi. "Waambie wamlete huyo kijana wao. Waambie leo."

"Kunywa maji kwanza."

"Sitaki maji!"

"Hodi," mtu akaita mlangoni. Alikuwa Dauda wa boda boda, ameegemeza baiskeli ukutani, gunia la unga kutoka kinuni begani, matope hadi magotini. Alitua gunia, akamtazama mzee, akatazama ubao. "Asalaam aleikum. Lo, Maalim, leo hata wewe umewekwa kona?"

"Dauda, adabu!" Sumaiya akamkemea.

"Nauliza tu. Hiyo kona naijua vizuri. Wiki tisa nilisimama hapo."

Maalim alimkumbuka. Mwaka wa themanini na mmoja, mvulana mrefu, mkaidi, aliyepinda mdomo kila alipofika kwenye dhwadi. Wiki ya kumi hakurudi. Ubao wake ulikuwa bado unaning'inia msumarini nyuma ya mlango, kwa kuwa hakuna anayeosha ubao wa mwenziwe.

"Hebu rudia, nisikie," akasema Dauda, akikaa juu ya gunia.

"Wewe ndiye utakayenisikiliza?"

"Katika mji huu wote nani ameshindwa nayo kuliko mimi? Basi nani anaijua zaidi?"

Maalim akarudia, kwa hasira. Dauda hakucheka. Aliinamisha kichwa kama anavyosikiliza mnyororo wenye kasoro.

"Unaisukuma kushoto. Huko kumekufa, Maalim."

"Dhwadi ni kushoto."

"Ndivyo ulivyonambia. Na mimi magego ya kushoto yaling'olewa nikiwa darasa la pili. Nikawa naipeleka kulia, ndiko kwenye meno. Ukasema mdomo umeenda kombo, rudi kona."

"Isome."

Dauda akafuta midomo, akasoma aya ya mwisho. Herufi ilijaa kinywani, nzito, ikakaa mahali pake bila kutetereka. Maalim akafumba macho. Ilikuwa hivyo hivyo hata wakati ule. Masikio yake yaliisikia, macho yakatazama mdomo uliopinda, akaamini macho. Na sasa akayakumbuka maneno ya mwalimu wake mwenyewe: kushoto ni rahisi, kulia ni kugumu, pande zote mbili ni sahihi. Miaka yote ile alikuwa amefundisha neno la kwanza na kusahau mengine.

Dauda alitoka, akarudi na kipande cha muwa kilichodondoka kutoka kwenye trekta. Akakimenya kwa meno, akakikata kidogo.

"Tafuna kulia. Ukifika kwenye makapi, usiyateme. Ulimi unayasukuma wapi?"

"Juu. Kwenye magego."

"Nyumba ya herufi ni hapo. Mimi niliipatanga hivyo, nikichunga ng'ombe. Sasa teme, acha ulimi pale pale, sema."

"Walal..."

"Tena."

Walitafuna, wakatema, wakasema. Sumaiya alishika bakuli la makapi chini ya kidevu cha baba yake. Mara moja tu, baada ya kipande cha tano au cha sita, kitu kilinenepa upande wa kulia, kikataka kusimama, kikateleza.

"Ni hiyo?" Maalim akauliza, akihema.

"Bado."

"Usinidanganye."

"Nimesema bado, nimedanganya wapi?"

Maalim akatema makapi. Kisha akamwomba Sumaiya ule ubao wa nyuma ya mlango. Ulikuja na utando wa buibui. Masizi yalikuwa yamepauka, lakini tumbo lilionekana, na jino, na bakuli zuri la mvulana mwenye mkono thabiti. Maalim akachovya kalamu, akaikung'uta mara mbili, akaweka nukta.

"Kauoshe," akasema.

Dauda aliushika ubao kwa mikono miwili. "Miaka kumi na sita, Maalim."

"Najua."

"Watoto wangu watatu. Hata mmoja sikumleta kwako."

 Nje mteja alianza kuita kutoka barabarani, akiuliza kama mwenye baiskeli amekufa humo ndani. Dauda akausimamisha ubao ukutani bila kuuosha.

"Kesho baada ya alfajiri," akasema. "Nitaleta muwa ulio laini." Akaenda.

Sumaiya akafuta kidevu cha baba yake. Kalamu ilikuwa bado ina wino. Akauangalia ubao mwingine, wa baba, na bakuli lake lililobonyea.

"Baba, nikuwekee nukta? Hakuna atakayejua."

"Acha."

"Kesho ni Ijumaa. Imebaki siku moja."

"Acha, mwanangu. Uweke hapa, kulia kwangu, niuone."

Akauweka. Maalim akachukua kipande cha muwa kilichobaki, akakifunga katika karatasi ya nailoni ili kisikauke, akakitia mfukoni mwa kanzu.

"Geuza sahani mapema leo," akamwambia. "Nataka kulala. Alfajiri si mbali."