Pambizo za Mama Mkwe

Mtaani walimwita Gundi, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na miaka ishirini na minane ya kazi hiyo ilimwachia kucha zisizotakata. Madaftari ya shule, vitabu vya nyimbo, Biblia zilizokongoroka, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka vimesimama wima. Biblia peke yake alikuwa ameshona mamia, na hakuna hata moja aliyoisoma zaidi ya kuhakikisha kurasa zinafuatana. Alikuwa kama mpishi anayeshiba harufu. Jumapili alikwenda kanisani kwa sababu mkewe alikwenda, akakaa benchi la mwisho jirani na mlango, akawa wa kwanza kutoka.

Jumatatu hiyo aliyeingia karakana alikuwa mama mkwe wake, ameshikwa mkono na mjukuu. Macho ya mama yalikuwa na mtoto wa jicho, alibaki kuona mwanga na vivuli tu. Mjukuu, binti pekee wa Gundi, alikuwa abatizwe Jumapili kwa kuomba mwenyewe, na bibi yake alitaka kumpa Biblia yake aliyotembea nayo miaka hamsini na miwili. Jalada lilikuwa limeng'oka na nyuzi zimelegea.

"Nishonee na unipe jalada jipya, baba," alisema mama mkwe. "Ila pembeni mwa kurasa usiguse. Ndimo nilimoandika."

Gundi akaitikia kwa heshima zote, kama mkwe anavyoitikia, yaani kabla hajasikia vizuri.

Sasa, mazoea yana taabu. Kitabu kikishashonwa na mgongo ukishashika gundi, fundi hukipitisha kwenye mashine ya kukatia, pande tatu, ili kingo ziwe sawa. Gundi alikuwa amefanya hivyo mara elfu na zaidi. Alhamisi asubuhi, akili yake ikiwa kwenye ngozi ya jalada, mkono wake ulishusha kisu mara tatu. Kingo zikatoka laini ajabu. Ndipo alipotazama chini, akaona takataka za karatasi zina wino wa bluu.

Alikaa juu ya ndoo. Kisu kilikuwa kimepita katikati ya maandishi ya mama mkwe. Kila ukurasa wa kulia, mistari yake midogo ilianza vizuri kisha ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Alipekua kapu, lakini vipande vilikuwa vyembamba kama nyuzi, vimechanganyika na vya madaftari ya siku tatu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wazo likaja lenyewe, wala halikubisha hodi: mama haoni. Binti hajui kilichokuwepo. Nani atasema? Njia ya mwongo ni fupi, lakini ilitosha kumfikisha Jumapili. Basi akaendelea kubandika jalada, na ili kuona uharibifu ni mkubwa kiasi gani akaanza kusoma pembeni, ukurasa kwa ukurasa. Akasahau chai. "Asante kwa mvua ya jana, paa..." Paa limefanya nini? "Leo nimemsamehe dada yangu, ila moyo bado..." Moyo bado nini? Na kila baada ya kurasa kadhaa, maneno yale yale mawili: "Bado namwombea..." na jina limekwenda na kisu. Aliyahesabu mahali kumi na tisa. Akakisia ni marehemu baba mkwe, ambaye alikuwa na urafiki wa karibu na pombe.

Tuseme ukweli, haikuwa dhamiri pekee iliyomtoa karakana Ijumaa alasiri. Alitaka kujua mwisho wa zile sentensi.

Alimkuta mama mkwe nyumbani, amekaa kitandani, na binti anapiga pasi gauni jeupe. Gundi alipiga moyo konde, akapiga magoti kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, nimekata pambizo. Uliniambia nisiguse, nikakata. Maandishi yako yamekwenda nusu."

Pasi ikasimama. Mama mkwe aliomba kitabu, akapitisha kidole kwenye ukingo, taratibu, juu mpaka chini. Gundi aliona mdomo wake ukitetemeka, akatamani ardhi ipasuke.

"Umekata vizuri," alisema hatimaye. "Laini. Haya, nisomee yaliyobaki."

Gundi akasoma la mvua. Bibi akamalizia kwamba paa lilivuja, ila sufuria zilitosha. Akasoma la dada. Moyo bado, alisema bibi, ulitaka cherehani irudi, na haikurudi mpaka leo. Binti alicheka mpaka akakaa. Kulikuwa na lingine, ombi la miaka mingi, ambalo bibi alilitafuta kichwani asilipate. "Kumbe nililia kwa ajili ya jambo ambalo hata silikumbuki," alisema. "Huko nako ni kujibiwa."

Kisha Gundi akafika kwenye mstari ulioandikwa kwa mkono mzito: "Leo sina la kusema. Hata..."

Bibi alishusha pumzi. Aliwaambia kwamba siku hiyo walitoka kumzika mtoto wake wa kwanza, na aliandika, Hata wewe sikutaki.

"Bibi, uliandika hivyo ndani ya Biblia?" binti aliuliza.

"Nilimwandikia Mungu mwenyewe. Si alikuwa anajua tayari? Nilikaa miezi sijaifungua. Siku nilipoifungua tena, nilianzia ukurasa wa pili yake. Usidhani nakupa kitabu cha mtu aliyefika, mjukuu wangu. Nakupa cha mtu aliyekuwa njiani, nawe uingie njiani."

Binti alishika mkono wa bibi yake. Gundi akasema basi kuna dawa, fundi huweza kuunga ukingo kwa karatasi nyembamba mpya. Alikuwa amebeba karatasi na gundi, kwani angekwenda wapi bila gundi? Akaunga pale pale mezani, bibi akitaja maneno na binti akiyaandika kwa mwandiko wake wa shule. Wino wa bluu wa bibi ukawa unaanza, wa binti unamalizia. Bibi alisema yasiyokwisha leo watayamaliza Jumapili zijazo, maana kitabu kimetolewa, hakijafungwa.

Yakabaki yale kumi na tisa. Gundi aliunga karatasi kwenye la kwanza, akakohoa kidogo.

"Hapa umeandika, Bado namwombea. Bila shaka ni marehemu baba?"

Mama mkwe akacheka kicheko cha kike hasa. "Marehemu alitubu mapema, kiu ndiyo ilichelewa kupata habari. Hapana. Ni wewe, baba. Moja kila mwaka, tangu wiki mliyooana."

Gundi alitazama sakafu. Kumi na tisa, na binti yake alikuwa anatimiza kumi na minane. Hesabu ilikuwa wazi tangu karakana, ila hakuwa amejihesabu. Aliuliza kwa sauti ndogo alikuwa na ubaya gani.

"Huna ubaya. Umenitunzia mwanangu vizuri. Ila unakaa mlangoni, baba. Miaka yote unashona mkate wa wengine. Nilikuwa naomba tu siku moja uonje."

Gundi aliona haya, kisha haya ikampisha kitu kingine, kikubwa na chenye joto. Ilikuwa shukrani. Kumbe alikuwa ameandikwa ndani ya kitabu hicho wakati wote, na ilibidi ajikate mwenyewe ndipo ajione. Binti alimsogezea kalamu. Gundi akaifuta mikono kwenye suruali, akaandika kwenye ukingo mpya, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea.

"Ameandika nini?" bibi aliuliza.

"Ameandika, 'Ni mimi. Asante,'" binti akasoma. "Na amepaka gundi ukurasa mzima."

Mama mkwe aliinyoosha mikono mpaka akakipata kichwa cha mkwe wake, akakishika.

"Haya," alisema. "Na hapo usikate tena."