Mgeni Aliyekuja Kuona Nyufa

Safari nzima ndani ya boti, Mwanahalima alikuwa akimsifia mkaguzi wa majengo, Bwana Saadi, ubovu wa ghala la kijijini kwao, Mbuchi. Nyufa za kupitisha mkono. Ukuta wa mashariki umeegama kama mtu anayesubiri kuitwa kula. Saadi asipouona ubovu huo kwa macho yake, kibali cha ukarabati hakitoki. Kibali kisipotoka, mashine ya kukoboa mpunga iliyokusudiwa kuwekwa humo itapelekwa kijiji kingine, na wanawake wa Mbuchi wataendelea kutwanga.

Walipofika, ghala lilikuwa linang'aa.

Mama mdogo wa Mwanahalima, Bi Mwanamina, alisimama mlangoni, udongo hadi viwikoni. Nyuma yake majirani walikuwa wakisuuza ndoo. Tangu alfajiri walikuwa wakikandika kuta.

"Karibu, baba," alimwambia Saadi. "Utuwie radhi, bado hapajakauka."

"Mama, nani kawaambia mkandike?" Mwanahalima aliuliza.

"Mgeni wa serikali tumpokelee kwenye gofu? Tukuaibishe?"

"Gofu lenyewe ndilo alilolifuata."

"Basi angetuma salamu tumwachie na popo."

Saadi hakucheka. "Ninachokiona hapa ni ujenzi ulioanza bila kibali. Kazi yangu ni kuusimamisha."

Mwanahalima aliuegemea ukuta. Alipoinua mkono, udongo ulimganda kiganjani, mbichi kabisa. Akautazama, kisha akawageukia majirani.

"Mliouvisha ukuta, uvueni."

Wakashika vifuu wakaanza kukwangua, huku wakicheka na kumwagiana maji. Bi Mwanamina alikwangua akinung'unika kwamba hajapata kuona mgeni anayependa uchafu. Ufa wa kwanza ukatokeza, kisha wa pili. Saadi akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mjusi akatoka, akampandia begani, na mkaguzi akajikuta nje kabla ya viatu vyake.

"Nyufa nimeziona," alisema, akihema. "Kibali nitakipendekeza. Ila hadi kifike, hakuna kupaka hata kidole."

"Na wali, baba?" Bi Mwanamina aliuliza. "Wali nao tuuombee kibali?"

Hapo ndipo Saadi alipocheka, akanawa mikono.

Kibali kilipofika, Mwanahalima alimsomea mama yake mdogo neno kwa neno: jengo bovu, limechakaa, kuta hazifai.

"Kumbe ndivyo serikali inavyosifia," alisema Bi Mwanamina, akaenda kutafuta ndoo yake.