Taa ya Kushoto ya Ignasi

Landrova ya marehemu Ignasi ilikuwa kuukuu tayari, na tangu watu wahamishiwe kijiji kipya ilianza kukonyeza. Ndivyo walivyosema: linakonyeza. Gari limesimama, ufunguo uko mfukoni kwa dereva, lakini ukungu ukishuka tu, taa ya kushoto inawaka, inazimika, inawaka tena. Wanawake waliotoka kuchota maji walifanya ishara ya msalaba wakakaza mwendo.

Cornelia, mjane wake, hakukaza mwendo. Alisimama akaitazama. Enzi za uhai wake, Ignasi akifika kwenye kona ya mto alikuwa akikonyeza hivyohivyo, mkewe abandike maji. Maana pombe ya ulezi hainywewi baridi. Humiminiwa maji ya moto chunguni, kisha mtu akavuta kwa mrija. Mrija wa Ignasi kila mnywaji aliujua. Aliuzungushia waya wa shaba, ncha zake akazisuka mkia wa panya, wenzake wasije wakamwibia. Alipokufa, Cornelia mwenyewe aliulaza kiganjani mwake, jeneza likafungwa.

Halafu ikaja operesheni ya vijiji. Waliambiwa pakieni, wakapakia. Nyumba za zamani zikawa mahame, na kaburi la Ignasi likabaki huko katika majani, halikuagwa. Nitarudi nimuage, Cornelia alisema. Mara palizi, mara shamba la kijiji, mara mvua. Hakurudi.

Siku ya habari hii, binti yake Luciana alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga alinawa mikono akasema, "Huyu amenishinda. Apelekwe Sumbawanga, na apelekwe sasa."

Gari pale kijijini lilikuwa hilo hilo moja la Ignasi. Dereva wake, Gaudensi, mtoto wa kaka yake Ignasi, alisimama mbali nalo kama mtu aliyeona nyoka.

"Mama mdogo, simkatai dada yangu. Lakini ona ukungu huu. Taa zikinizimikia kule makorongoni tutakuwa maiti sote."

"Kwani zinakuzimikia?"

"Zinafanya zinavyotaka! Na zinavyotaka, mimi sijui."

Kwa bahati, fundi Nsajigwa, mtu wa Mbeya, alikuwa ameletwa kutengeneza mashine ya kusaga. Akaitwa. Alikuja anafuta mikono, akicheka.

"Shikamoo mama. Nasikia mna gari lenye pepo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nina mgonjwa. La pepo waulize hawa."

"Pepo hana betri. Gaudensi, fungua boneti, acha kutetemeka, utaniangushia spana."

Alikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Akaigusisha kwenye betri, ikawaka. Akafuata moto wa betri kidogo kidogo: fyuzi nzima, swichi nzima. Ndani ya nyumba Luciana alilia, kisha akanyamaza, na ule unyamavu ndio uliomchoma mama yake. Nsajigwa aliacha kucheka. Akapiga magoti mbele ya taa ya kushoto, na taa ikawaka usoni pake, ikazimika.

"Kuna kitu humu kinagusanisha nyaya," alisema. Skrubu zilikuwa zimeshikana kwa kutu ya miaka. Alizipigapiga na nyundo ndipo zikalegea. Akavuta kioo, akaingiza vidole nyuma yake. "Haya, nani mjanja aliyeweka unyasi kwenye taa?"

Akatoa mrija uliozungushiwa waya wa shaba, ncha zimesukwa mkia wa panya.

Cornelia aliujua papo hapo. Alinyoosha mkono, akaupokea. Ulikuwa na ubichi nchani, kama umetoka mdomoni mwa mtu sasa hivi. Midomo ilitaka kusema. Akamwona Gaudensi, akajua neno moja tu likimtoka, kijana huyo atakimbia na Luciana atafia kitandani. Akaufutika ndani ya kanga.

"Ni nini, mama mdogo?"

"Unyasi."

Nsajigwa alirudisha taa, akawasha swichi. Giza. Akajaribu tena, hata ile ya kulia sasa haikuwaka. "Ajabu hii. Moto upo, balbu nzima..." Akaingia chini ya gari na brashi ya waya kukwangua mahali nyaya zinapofungwa kwenye bodi.

Cornelia hakungoja. Jirani alikuwa na pombe iliyoiva. Akamchukulia chungu kimoja, akamimina maji ya moto hadi ukingoni, akakiweka kando ya gurudumu la kushoto, akachomeka mrija. Akainama kama anafunga kamba ya kiatu.

"Baba Luciana," alinong'ona, "nimekosa. Kunywa. Lakini taa tuachie, mwanao anakufa."

Ukungu ulitulia. Hakuna jani lililotikisika. Kutoka pale chungu kilipokuwa, alisikia mvuto mdogo, wa polepole, wa mtu mwenye kiu asiyetaka kuonekana mlafi.

Taa zote mbili zikawaka, nyeupe pee.

"Ilikuwa bodi tu!" Nsajigwa alipiga kelele kutoka chini. "Kutu, mama!"

"Ndiyo, mwanangu. Kutu."

Chungu kilikuwa kimeshuka nusu. Alichomoa mrija, Luciana akabebwa hadi garini, naye akapanda nyuma, akapakata kichwa cha bintiye. Njia nzima taa hazikupepesa. Luciana alijifungua hospitali, mtoto wa kiume, akalia kwa nguvu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Cornelia alikwenda peke yake mahameni na kibuyu cha pombe na panga la kufyekea. Alidhani atakuta kaburi limefukuliwa. Alilizunguka taratibu. Udongo ulikuwa umeshikana, na majani juu yake yamefungamana mizizi, hakuna aliyeyagusa tangu siku ile walipoondoka.

Akapiga magoti, akachomeka mrija ardhini, akaanza kumimina.