Chuo Nilichomkatalia

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, si mkononi mwa binti yangu. Hilo sijalisahau, na mimi ni mtu wa kukumbuka: nawajua kwa sura wote waliotia saini karatasi iliyosema safu ya kwanza ya nyumba zetu haifai kukaliwa na binadamu. Walikuwa wahadhiri watatu wa kile chuo kikubwa ng'ambo ya reli. Siku tisa baadaye tingatinga likaja. Hakuna aliyeuliza hao binadamu wakalale wapi.

Sasa chuo hichohicho kilikuwa kimempokea binti yangu, asomee shahada ya makazi na mazingira ya binadamu. Chuo kingine nacho kilimpokea, kidogo, mwendo wa siku nzima, kisicho na maabara wala sifa, lakini hakikuwa na doa. Fomu ya kuthibitisha ilitaka chuo kimoja.

"Baba, niache niende kwa haohao," alisema. "Wana vyombo vya kupimia unyevu wa kuta. Nikajue walichokipima kwetu, na walichokiruka."

"Ukale sahani moja na waliotubomolea?"

"Nikasome, baba. Nani kasema kula?"

Jirani yetu, fundi bomba, alikuwa kainama akikaza koki ya jikoni. Akacheka hukohuko chini. "Mwenyekiti, kwenye kamati ya wapangaji unadai kura hata ya kununua ufagio. Humu ndani mbona unaamua peke yako?"

Nikamwambia akaze koki. Nikaandika jina la chuo kidogo, nikamsukumia binti yangu fomu atie saini. Akatia. Alikuwa na adabu, nami nikaihesabu adabu yake kuwa ushindi wangu.

Mwaka wa pili chuo kile kidogo kiliifuta kozi yake. Walimu wake wawili walikuwa wameshaondoka. Akaomba tena kile kikubwa, kikajibu kwamba nafasi yake ilikwishachukuliwa. Akapata kazi kwenye duka la mapazia, akawa anapima madirisha ya wenye madirisha.

Zamu ya safu ya pili kubomolewa ilipofika, nilisimama mbele ya baraza la nyumba nikanguruma saa nzima. Sheria nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia bidhaa, na siku ile sikukosea hata kifungu kimoja. Mkuu wa baraza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu:

"Kwa upande wenu, nani amezipima hizo kuta?"

Kati ya watu sitini nyuma yangu hakuna aliyewahi kupima ukuta. Tukapewa wiki mbili tuhame.

Siku ya kuhama binti yangu alikuja, kaomba ruhusa ya nusu siku dukani. Heri angenitukana, matusi nayajulia majibu. Alikunja mikono ya gauni, akashika kitanda upande wa miguuni. Kwenye mlango wa chumba kipya kitanda kikagoma. Nikasukuma. Nikasukuma tena, jasho likinitoka.

"Taratibu, baba. Kwanza tukilaze ubavu."

Nikamfuata. Kikaingia.