Goti la Mwanamkuu

Mwanamkuu hawezi kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama wanawake wenzake wa kijiji cha Baleni. Goti la kushoto halikunjiki, kwa hiyo mbuzi ameifunga kwa kamba juu ya kreti la soda, anakaa upande, mguu umenyooka mbele kama mpini wa jembe, na nazi anaikuna kwa kujipinda kiuno. Jioni kiuno humlipiza. Siku hiyo baba yake, Mzee Hafidhi, alikuwa ameagiza wali wa mgeni bila kumtaja mgeni mwenyewe, na nazi ilikuwa bado mkononi pale sauti ilipopiga hodi.

"Assalaam alaykum, Mzee Hafidhi!"

"Waalaykum salaam, Kocha. Karibu, kaa hapa penye upepo."

Kocha Muhidini, aliyemfundisha mpira chuoni. Mwanamkuu aliacha kukuna.

Kocha alikuwa na historia ya kusimulia, na aliisimulia vizuri, maana alikwisha kuisimulia mbele ya wafadhili wengi. Chuo hakikuwa na timu ya mpira wa kikapu ya wanawake, alisema, mpaka siku ile alipopita Baleni akamwona binti mrefu akirusha nazi ndani ya lori, na hakuna hata moja iliyoanguka nje. Wasichana walianza mazoezi kwenye kiwanja cha kuegesha magari, goli moja halina wavu. Walivaa hijabu na suruali ndefu, watu wakawacheka. Kisha wakachukua kombe la vyuo, na vicheko vikakoma. Leo timu ina ukumbi wa sakafu ya mbao, na ukutani kuna picha kubwa ya timu ya kwanza, Mwanamkuu katikati amekumbatia kombe.

"Kila msichana mpya namsimamisha mbele ya picha ile," alisema Kocha. "Namwambia, huyu ndiye mama wa timu."

"Alhamdulillahi," Mzee Hafidhi akajibu, na Matano, jirani yake, akaitikia.

Yote yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchoma Mwanamkuu kule jikoni. Kocha aliruka kitu kimoja tu: mapumziko ya fainali ile, chumba cha kubadilishia nguo, goti la Mwanamkuu limevimba, tabibu wa timu anajaza sindano ya ganzi na Kocha mwenyewe ameegemea mlango asije mtu akaingia. "Muda mfupi tu, mama. Ukitoka wewe, timu imekufa." Alirudi uwanjani hasikii maumivu, akashinda. Asubuhi hakuweza kushuka kitandani. Ufadhili ulikuwa wa mchezo, si wa masomo. Goti lilipokataa, bweni nalo likamkataa.

Nyumbani alisema ameteleza kwenye ngazi. Angesemaje? Kwamba wanaume wawili walimpandisha suruali mpaka juu ya goti, naye akanyamaza? Kocha alizijua nyumba za stara. Alijua nini hakisemwi humo.

"Dada, tazama! Vimenikaa sawasawa." Shadya, mdogo wake, aliingia amevaa viatu vipya vyeupe. Ilimbidi ainame mlangoni. "Kaniletea Kocha. Tunaondoka leo kwenda chuoni, kwa ndege ya alasiri kutoka Kilindoni."

"Vivue."

"Nivivue kwa nini? Wewe ulipata ukapoteza. Basi na mimi nikae hapa nikune nazi?"

Kule barazani Matano alikuwa anasema, "Basi tusome Fatiha, mtoto aende kwa heri." Na Fatiha ikishasomwa, maneno yamekwisha, hakuna wa Baleni atakayeyafungua tena. Akajiinua kwa kushika ukuta, akatoka mbele ya wanaume bila kuitwa.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, mama wa timu! Ndiyo tunakutaja."

"Baba, sikuteleza kwenye ngazi. Walinichoma sindano ili nicheze, goti likafa. Na huyu ndiye aliyeshika mlango."

Kocha alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Mzee, maumivu ya siku nyingi humchanganya mtu. Sisi chuoni ile ngazi ilituuma sana."

"Mwanamkuu," baba alisema, "si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema kwa aibu. Haya, tazameni."

Akapandisha kanga na gauni lake. Goti lilikuwa limehama mahali pake, na ubavuni lina kovu jeusi pale tundu la sindano lilipotunga usaha. Hakuna aliyelitazama. Matano alijifunika macho kwa kofia. Mzee Hafidhi aligeukia ukuta. Kocha ndiye aliyeinamisha kichwa kuliko wote, akasema, "Astaghfirullah."

"Jistiri!" baba alifoka. "Mbele ya mgeni!"

"Baba, nitazame."

"Al-Fatiha!" akasema Matano upesi, apate kuifunika fedheha ile.

Mikono yote ikainuka. Na ya Mwanamkuu pia. Tangu utoto hakuwahi kuisikia Fatiha akaiacha mikono chini. Kanga ikashuka.

Mlangoni alisimama Shadya, kamba za viatu hazijafungwa. Yeye peke yake alikuwa ameliona goti. Viganja vyake vilikuwa wazi na midomo inasoma.

"Aamin," alisema Kocha kwa sauti kubwa kuliko wote, akajipangusa uso. Alipoinua macho alimtazama Shadya miguuni.

"Funga kamba, mama," alimwambia. "Ndege haisubiri."