Samaki Asiye na Mfupa

Wanawake wa mtaa wa Obunga walikuwa wamekwisha kupanga beseni zao kando ya ukuta wa kiwanda cha samaki, kila beseni ikimshikia mwenyewe foleni, Lornah alipofika na kuiweka yake mwishoni kabisa. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya mama mkwe wake. Ilibidi amwogeshe, ambadilishie shuka, kisha ambembeleze anywe uji. Bibi Dorca aliuonja kwa ncha ya ulimi, akarudisha kikombe.

"Nitakula samaki," alisema. "Kama hakuna samaki, niache nilale."

"Samaki atakuja, Mama."

Macho ya Bibi Dorca yalizimika polepole, moja baada ya lingine, mwaka ule ambao mwanawe Calvince, mume wa Lornah, aliangukiwa na ukuta mjengoni na kufa. Sasa kifua nacho kilikuwa kibovu. Daktari wa zahanati alikuwa amesema waziwazi: dawa hizi ni kali, zisimezwe tumbo likiwa tupu. Lakini kila asubuhi mama alikuwa akizimeza tumbo likiwa tupu, kisha anazitapika.

Kwa hiyo Lornah alingoja getini. Alilingojea geti hilo kwa miaka mingi. Ndani, mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, walikuwa wakichunwa minofu. Minofu ilipanda ndege, na mifupa ilibaki Obunga. Wanawake waliinunua, wakaikaanga barabarani pamoja na vichwa vyake, na watu wasioweza kununua samaki mzima wakala ugali wao kwa mifupa hiyo, iliyoitwa mgongo wazi. Lornah alikuwa na wateja wake: wasukuma mikokoteni, mafundi, vijana wa boda boda. Na kila jioni alibakisha kichwa kimoja cha nyumbani.

Siku hiyo geti lilifunguliwa kabla ya wakati wake, na badala ya mkokoteni wa mifupa kutoka, lori likaingia kinyumenyume.

"Mama zangu, msingoje," alisema Wechuli, askari wa geti. Hakuwatazama usoni. "Mifupa imeuzwa yote. Inaenda kutengenezwa chakula ya kuku."

"Imeuzwa aje?" Lornah aliuliza. "Si sisi ndio wanunuzi?"

"Mimi ni wa geti tu."

Msimamizi alitoka akiwa amevaa buti nyeupe za mpira, simu mkononi. "Tumepata mteja mmoja wa kuaminika," alisema, kama mtu anayetangaza habari njema kanisani. "Hii kelele ya beseni kila asubuhi imeisha. Tafadhali, msizuie lori."

Mwanamke mmoja alipiga kelele. Mwingine akacheka, kicheko kikavu. Halafu wakaanza kuchukua beseni zao na kuondoka mmoja mmoja bila kuagana. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wamesimama bega kwa bega, wakisukumana na kutaniana, na sasa Lornah aligundua kwamba wengi wao hakujua hata wanakaa wapi. Geti ndilo lililokuwa likiwakutanisha.

Miguu yake ilimpeleka mahali pake pa kukaangia, pembeni mwa barabara, kwa mazoea tu. Jiko lilikuwa pale. Mtungi wa mafuta mapya, aliyonunua jana yake, ulikuwa chini ya meza. Akakaa. Fundi mmoja akapita, akachungulia karai tupu, akaenda zake. Mtu wa kaunti mwenye koti la kijani akaja na mkoba wake wa ushuru.

"Leo sina kitu, Bwana. Hata moto sijawasha."

"Ushuru ni wa kukaa, Mama. Si wa kuuza."

"Basi nimesimama," Lornah akasema, akasimama.

Yule mtu hakucheka. Alimwambia ama alipe ama atoe meza, mahali hapo pana watu wanaopataka. Lornah akaikunja meza na kumwachia jirani muuza nguo kuukuu amshikie. Alibeba jiko, karai na mtungi wa mafuta, akaenda navyo mpaka sokoni. Ngege wa ziwa walikuwa wamelala juu ya barafu wakiwangoja wenye hoteli. Wale wa kutoka China walikuwa wagumu kama matofali, na bei yao nayo ilikuwa imepanda. Omena mpya, wale dagaa wa ziwani, haikuwepo, maana msimu ulikuwa umefungwa. Iliyobaki ilikuwa nusu mchanga. Ukisimama mwisho wa soko unaliona ziwa, la kijani kwa magugu, pana hata hujui linakoishia. Lornah alilitazama kidogo, kisha akampigia mwanawe Okello aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi. Sauti ile ya kike ikamwambia kwamba mteja hapatikani. Alizungumza nayo hata hivyo. "Haya," alisema. "Asante."

Duka la Mumbi lilikuwa kwenye kona, karibu na nyumba aliyopanga Lornah. Mumbi, ambaye wateja walimwita Mama Shiku, alitoka Murang'a zamani na Kiswahili chake bado kilikuwa cha huko. Alimwona Lornah na mzigo wake, akaelewa nusu.

"Mama Okello, leo hukaangi?"

"Mifupa imeenda kwa kuku. Mama Shiku, mama mkwe wangu anataka samaki, na samaki sina. Chukua haya mafuta. Bado hayajafunguliwa."

Mumbi aliutazama mtungi. Wote wawili walijua maana yake: mtu wa kukaanga haachi mafuta yake dukani. Akapanda kiti, akateremsha mikebe miwili midogo kutoka rafu ya juu, akaipangusa vumbi kwa leso. Picha ya samaki wa buluu ilikuwa juu yake.

"Tuna, samaki wa baharini," alisema. "Inakaribia tarehe yake lakini haijaharibika, mimi mwenyewe nimekula. Unajua kupika?"

"Samaki wa mkebe? Hapana."

"Hakuna kazi. Kaanga kitunguu, weka nyanya ikiiva iwe rojo, mwaga hii, koroga kidogo tu, toa. Usikae nayo motoni, itakuwa kama unga. Makaa kidogo inatosha. Na yale mafuta ya ndani usimwage, ndiyo ukaangie." Aliongeza unga wa ugali, kitunguu, nyanya na ndimu. "Na kama ni ya mtu mmoja, mkebe mmoja unatosha. Mwingine weka."

Nyumbani Lornah aliwasha moto wa magunzi ya mahindi, kwa sababu makaa yalikuwa yamebaki vumbi. Aliutoboa mkebe kwa kisu, akauzungusha, ukingo ukamkata kidole. Akakinyonya, akaendelea. Mafuta ya mkebe yalitosha kukaanga kitunguu. Alipoimwaga nyama ile ya kijivu kwenye rojo la nyanya, aliona jinsi ilivyo kidogo, akakamulia ndimu yote. Harufu ya bati ikapungua. Chakula kiliiva hata kabla maji ya ugali hayajachemka, na haraka hiyo ilimsikitisha. Samaki aliyemjua yeye humpa mpishi muda wa kukaa karibu na moto, jirani apite, aulize habari. Huyu alimalizika kabla mtu hajapita.

Alimnawisha Bibi Dorca, akamwekea sahani mapajani.

Bibi Dorca alipeleka vidole kwenye mboga. Vidole vilitafuta. Vilipita upande huu, vikarudi, vikabonyeza.

"Kichwa kiko wapi?"

"Leo hakuna kichwa, Mama."

"Na mfupa?"

"Nimeutoa. Usikukwame."

Mzee alitia tonge mdomoni, akatafuna taratibu. Akameza. Akala tonge la pili, na la tatu. Lornah alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mikono magotini, akihesabu moyoni matonge yale kwa furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumwambia.

"Nimezaliwa Nyakach, ufuoni," Bibi Dorca akasema. "Nimepaa samaki kabla sijaota meno makubwa. Huyu hakutoka ziwani kwetu."

Lornah aliisogeza sahani ikae sawa mapajani.

"Ni mtamu," mzee akaongeza. "Lakini usinifanye mtoto, nyar Gem." Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Gem, kwa jina la kwao.

"Ametoka kwenye mkebe, Mama. Mifupa hawatuuzii tena. Ni leo nimeambiwa."

Bibi Dorca alitikisa kichwa polepole. Lornah alimpa dawa, akazimeza, na safari hii zikakaa. Kisha mzee akaisukuma sahani mbele, hewani, kuelekea upande ilikotoka sauti.

"Sasa wewe."

"Nimeshakula."

"Macho ndiyo yaliyoniacha. Masikio ninayo. Nasikia ukinipakulia, nasikia ukiosha sahani moja. Sijakusikia ukitafuna siku nyingi. Chiem, nyar Gem. Kula nisikie."

Lornah aliichukua sahani. Alikata tonge, akachovya, akala, na njaa aliyokuwa ameisahau ikamrukia.

"Jumamosi nipeleke nyumbani Nyakach," mzee akasema. "Kule nitakula mboga za shambani. Mdomo wangu utakumaliza hapa."

"Kule nani atakuangalia, Mama?"

"Na hapa nani anakuangalia wewe?"

Lornah alitafuta jina la mtu, yeyote, na hakulipata. Machozi yalimshuka bila sauti, kwa hiyo hayakumsaliti. Akakata tonge jingine na kutafuna kwa nguvu, mdomo wazi, kama mtu asiye na adabu, kwa sababu mama alikuwa bado anasikiliza.